Sauti ya laini za nje ofisini: kiwango kimoja kwa zote, kupima laini moja moja, au kuiachia mashine?

Ilikuwa masika, katika hosteli moja ya wapanda mlima hapa Moshi. Mama wa mapokezi kasimama, mkonga wa simu kaubana begani, anapaza sauti mpaka mgeni aliyekuwa akivua buti za tope kwenye kochi akageuka kuangalia kuna nini. Upande wa pili alikuwa mwalimu wa Dar aliyetaka kuleta wanafunzi kumi na wanne, anauliza habari za vitanda. Simu ilipokatika mama akanigeukia: "Mwanangu, mimi namsikia kama yuko kisimani, na yeye ananiambia sauti yangu inakwaruza. Sasa mbovu hapo ni nani?"

Hakuna mbovu. Mama anasikia kidogo, ndiyo maana anapaza. Akipaza, sauti yake inagonga paa la mfumo na kukatwa vichwa, na huo ndio mkwaruzo anaousikia mwalimu. Fundi aliyenitangulia alisikia lalamiko la "hatusikiki", akapandisha sauti ya kutoka kwa dB 6 (desibeli, kipimo cha kupanda na kushuka kwa sauti). Akamsaidia mama kugonga paa mapema zaidi.

Ukikabidhiwa PABX, yaani mtambo wa simu wa ofisi, yenye laini za nje, hasa laini za shaba zinazoingia kwenye poti za FXO (tundu za kupokea laini kutoka kwa mtoa huduma), una njia tatu za kupanga viwango vya sauti. Unaweza kuweka upungufu, yaani kiasi cha kushusha sauti, wa aina moja kwa laini zote na kuondoka. Unaweza kupima kila laini na kuirekebisha kivyake. Au unaweza kuwasha geini, yaani kiasi cha kupandisha sauti, inayojirekebisha yenyewe, mashine ikapandisha na kushusha kadiri watu wanavyoongea. Nimezitumia zote tatu kati ya Arusha na Moshi, na kila moja imewahi kunifedhehesha.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaziuliza njia zote maswali yaleyale. Je, pande zote mbili zinasikilizana bila kupaza sauti? Mwangwi unakuwaje? Milio ya vitufe na faksi inapita salama? Inagharimu nini, na nani ataitunza fundi akishaondoka? Swali la mwangwi nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua mengi na ndilo linalosahauliwa.

Kwanza hesabu kidogo, maana bila hiyo tutakuwa tunapiga porojo. Kiwango cha sauti kwenye laini hupimwa kwa dBm. Sifuri dBm ni miliwati 1, na kwenye mzigo wa ohm 600 hiyo ni volti 0.775. Ukishuka dB 3 nguvu inabaki nusu, na volti inakuwa kama 0.55. Ukishuka dB 6 volti ndiyo inabaki nusu, yaani 0.39 hivi. Kwa -10 dBm unasoma volti 0.245. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa, utazihitaji.

Ndani ya mfumo wa kidijitali tunasema dBm0, yaani kiwango kikilinganishwa na pointi ya sifuri ya mtandao. Usimbaji wa G.711, ule wa sampuli 8,000 kwa sekunde na biti 8 kwa kila sampuli, una paa. Kwa A-law, ambayo ndiyo inayotumika kwetu, paa liko +3.14 dBm0. Mtu anayeongea kwa utulivu hukaa kwa wastani karibu na -20 dBm0, lakini vilele vya sauti yake hupanda dB 15 au zaidi juu ya wastani huo. Kwa hiyo nafasi unayodhani ipo si kubwa. Mtu akipaza sauti anakula dB 10 za nafasi hiyo, na fundi akiongeza 6 juu yake, vilele vinakatwa.

Sasa mwangwi. Laini ya shaba hubeba sauti ya kwenda na ya kurudi kwenye waya mbili zilezile. PABX ya kidijitali inazitenganisha. Mahali zinapotenganishwa pana saketi iitwayo haibridi, na haibridi haiko kamili kamwe: sehemu ya sauti inayotoka inachungulia na kurudi. Ni kiasi gani kinarudi? Inategemea impidansi ya poti (ukinzani wake kwa mawimbi ya sauti) inavyofanana na ya laini. Uzito wa jambo uko hapa: geini ya kutoka na geini ya kuingia zote mbili ziko kwenye njia ya mwangwi huo. Ukiongeza dB 4 kwenda na dB 4 kuja, mtu mmoja mmoja amepata 4, lakini mwangwi umepata 8.

Tena mwangwi huu huu, ukirudi haraka, sikio halina habari nao. Ukichelewa ndipo unaudhi. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanataka mwangwi udhibitiwe pale ucheleweshaji wa upande mmoja unapozidi milisekunde 25 hivi. Simu ya mkononi ya GSM peke yake huongeza karibu milisekunde 100. Ndiyo maana PABX ya zamani iliyofanya kazi miaka bila lawama huanza kulalamikiwa siku wateja wote wanapopiga kwa simu za mkononi. Laini haijabadilika. Kilichobadilika ni muda.

Njia ya kwanza: kiwango kimoja kwa zote

*Inavyofanya kazi.* Unaamua upungufu kwa aina ya poti badala ya laini yenyewe. Poti zote za FXO zinapata thamani moja, poti zote za FXS zinazolisha simu za mezani thamani nyingine, na simu za IP zinaachwa na sifuri. Wazo hili ni la zamani kuliko sisi. Enzi za mitambo ya analojia, kampuni ya Bell kule Marekani iliachia laini za mbali upungufu zaidi kuliko za karibu, ili mwangwi uliochelewa uje umefifia. Mitambo ya kidijitali ilipofika, umbali kati ya mtambo na mtambo ukawa hauli sauti tena, na nchi nyingi zikaamua upungufu wa kudumu, aghalabu dB 6 au 7 kutoka simu hadi simu. Upungufu huo uliwekwa kwa makusudi: kila dB unayoiacha kwenye mzunguko inaushusha mwangwi.

*Usikivu.* Mzuri pale laini zinapofanana. Na kwa kawaida zinafanana: laini nne za jengo moja hupita kwenye nguzo zilezile na kebo ileile. Tatizo ni umbali kutoka kwenye mtambo. Kwa masafa ya hezi 1,000, shaba ya milimita 0.5 hula kama dB 1.3 kwa kila kilomita, na ya milimita 0.4 kama dB 1.7. Ofisi ya mjini iliyo kilomita moja kutoka mtamboni kwa waya mnene itapoteza kidogo zaidi ya dB 1. Shule iliyo juu njia ya Kibosho, kilomita nne kwa waya mwembamba, itapoteza karibu 7. Ukiwawekea thamani ileile mmoja atakuambia umefanya kazi nzuri, na mwingine atakupigia Jumamosi.

*Mwangwi.* Hapa njia hii ndiyo yenye adabu kuliko zote. Huongezi chochote, kwa hiyo huchokozi chochote. Ukisikia mwangwi baada ya kuweka viwango vya kiwandani, mkosaji ni impidansi, na huko ndiko kwa kwenda.

*Vitufe na faksi.* Salama.

*Pesa na utunzaji.* Saa moja ya kazi na huhitaji mita. Faida isiyotajwa ni kwamba atakayekuja baada yako ataelewa ulichofanya, kwa sababu kila poti ina namba ileile. Nimewahi kufungua mfumo Njiro wenye laini nane na thamani nane tofauti, hakuna karatasi hata moja. Niliishia kuzirudisha zote sifuri na kuanza upya.

*Inamfaa nani.* Ofisi iliyo mjini, karibu na mtambo, yenye laini za aina moja. Pia kampuni yenye matawi mengi inayotaka mafundi watano tofauti wafanye kitu kimoja.

Njia ya pili: kupima laini moja moja

*Inavyofanya kazi.* Hapa ndipo fundi anapofungua begi. Unatafuta mlio wa majaribio unaojulikana kiwango chake, unausoma ukiwa umefika kwako, tofauti ndiyo upungufu wa laini. Watoa huduma wengine wana namba ya ndani ya majaribio inayotoa mlio wa miliwati moja; waombe mafundi wao kwa adabu, mara nyingi wanakupa. Kama haipo, unaweza kutoa mlio mwenyewe kutoka mfumo mwingine. Asterisk, programu ya kuendesha PABX kwenye kompyuta, kwa mfano, inayo programu ndogo ya Milliwatt inayotoa hezi 1,004 kwa 0 dBm. Hezi 1,004 ni desturi ya Marekani, na ITU inapendekeza 1,020. Hawatumii 1,000 kamili kwa sababu inagawanyika sawasawa kwenye 8,000, kwa hiyo sampuli zilezile chache zinarudiwa tena na tena na usomaji unaweza kukudanganya.

Chombo cha kitaalamu cha kupimia ni ghali. Mimi kwa miaka nimetumia kipinga cha ohm 600 cha asilimia 1, kapasita ya mikrofaradi 2.2 ya volti nyingi ya kuzuia umeme wa DC, na mita ya kawaida. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni usalama: laini ina volti karibu 48 za DC, na ikilia inabeba AC ya volti 75 mpaka 90, ambayo inarusha mkono vizuri tu. Ukiona wingu limejikusanya upande wa mlima, funga begi ukanywe chai, radi haisubiri umalize kusoma. La pili linawanasa wengi: mita nyingi za bei nafuu zimeundwa kusoma AC ya hezi 45 hadi 400 tu. Kwa hezi 1,020 zinakupa namba, lakini namba gani? Ilinganishe kwanza na chanzo unachokiamini, uandike tofauti yake kwa kalamu mgongoni mwa mita.

Turudi hosteli. Mtambo ulikuwa ukitoa mlio kwa -7 dBm, na kwenye soketi ya mapokezi nilisoma -11.4. Laini ilikuwa inakula dB 4.4. Fundi kijana angesema: basi rudisha 4.4 kuja na 4.4 kwenda, tumemaliza. Subiri. Nilituma mlio kutoka ndani kwa -10 dBm0 na kusoma kilichorudi kupitia haibridi: -21. Yaani mwangwi ulikuwa chini ya sauti kwa dB 11, geini zote zikiwa sifuri. Kifaa cha kuua mwangwi ndani ya PABX kimeundwa kwa kudhani mwangwi utarudi umepungua angalau dB 6. Mwangwi ukiwa na nguvu kuliko hapo, kinadhani ni mtu mwingine anayeongea, kinaacha kujifunza, na mwangwi unapita wazi. Kwa hesabu ya kijana, 11 toa 8.8, inabaki 2.2. Angezima kifaa hicho kwa mkono wake mwenyewe bila kugusa swichi yake.

Nilianza na impidansi badala ya geini. Poti ilikuwa kwenye ohm 600 tupu. Nilipojaribu mipangilio mingine ya impidansi changamano, mmoja ulishusha mwangwi mpaka dB 17 chini. Kwa kadi za FXO zinazotumia Asterisk, kuna programu ya fxotune inayofanya utafutaji huo yenyewe. Baada ya hapo nilipandisha upande wa kuingia dB 3 peke yake, na upande wa kutoka nikaurudisha kwenye sifuri. Jumla ya mzunguko 3, mwangwi dB 14 chini, kifaa kinapumua.

Mama alipopokea simu iliyofuata alianza kwa kelele zilezile, "HALO!", halafu katikati ya sentensi sauti ikashuka yenyewe. Akakaa chini. Sikumwambia apunguze. Mtu akisikia vizuri haoni sababu ya kupaza, ndiyo maana siku hizi narekebisha upande wa kuingia kwanza, nampa mtumiaji nusu siku, ndipo nagusa wa kutoka kama bado unahitajika.

*Usikivu.* Bora kuliko njia nyingine kwa laini ndefu au zinazotofautiana. Usirudishe upungufu wote, hata hivyo. Nusu yake inatosha kwa karibu kila mtu, na sikio halitambui dB 1 ya tofauti katika maongezi.

*Mwangwi.* Unaujua kwa namba badala ya kubahatisha, mradi umeupima. Ukipima upungufu wa laini tu bila kupima kinachorudi, njia hii ndiyo ya hatari kuliko zote tatu. Nimewahi kuongeza dB 9 kwenda na 9 kuja kwenye nyumba ya wageni upande wa Usa River, nikaondoka nikipiga mluzi. Jioni wakapiga: simu yenyewe inapiga mluzi. Mzunguko ulikuwa umepata geini kuliko upungufu, ukawa unavuma bila mtu kuongea.

*Vitufe na faksi.* Sawa mradi huongezi mno. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, kwa mfano 1 ni hezi 697 na 1,209. Ikikatwa vichwa, milio hiyo inazaa mingine ya ziada na mtambo wa upande wa pili unaposikiliza "bonyeza 1" unasikia kitu kingine au haujasikia kabisa. Mteja wako akisema menyu ya benki inamkatalia kutoka ofisini lakini kwa simu yake ya mkononi inakubali, shuka na geini ya kutoka kabla hujalaumu benki. Geini kubwa ya kutoka ina ubaya mwingine: inavuja kwenye jozi za jirani ndani ya kebo ileile. Viwango vya kutoka vina mipaka, na vifaa vinavyounganishwa kwenye mtandao vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kukinunua kilichoidhinishwa kisha ukakifungua geini mpaka mwisho ni kuirudisha idhini nyuma.

*Pesa na utunzaji.* Siku nzima kwa laini nne, pamoja na vifaa. Na si kazi ya mara moja. Viungo vya kebo vikiingia maji masika, upungufu unapanda, na mistari iliyofanana Februari inaachana Aprili. Napima baada ya mvua kuisha, siyo katikati yake, nisije nikaweka geini ya siku ya mvua ambayo kiangazi itakuwa imezidi. Na namba zote naziandika kwenye karatasi inayobaki ndani ya kabati la PABX, siyo kwenye simu yangu.

*Inamfaa nani.* Walio mbali na mtambo, wenye laini mchanganyiko, na wenye fundi atakayerudi. Kama hatarudi, fikiria mara mbili.

Njia ya tatu: geini inayojirekebisha

*Inavyofanya kazi.* Programu inasikiliza kiwango cha anayeongea na kukivuta kuelekea kiwango ulichochagua. Anayenong'ona anapandishwa, anayepayuka anashushwa. Asterisk inayo kupitia moduli ya Speex, na visanduku vingi vya kisasa vya PABX vina kitufe chake kwenye ukurasa wa mipangilio. Unabonyeza, unahifadhi, kazi imeisha.

*Usikivu.* Kwa wapiga simu wa aina nyingi haina mpinzani. Ofisi ya safari Arusha inapokea dereva anayepiga kutoka Karatu akiwa ndani ya gari, mteja wa Ulaya kwa simu ya mezani tulivu, na mpishi wa kambi mwenye mkonga uliofungwa kwa plasta. Hakuna thamani moja ya geini inayowafaa wote watatu. Geini inayojirekebisha inamfuata kila mmoja.

Lakini ina tabia moja inayoudhi. Mtu akinyamaza, inadhani amepoa, inapandisha, na kinachopandishwa ni mvumo wa laini, jenereta la jirani na jogoo. Akianza kuongea tena neno la kwanza linatoka kama kofi kabla mashine haijashusha. Kwenye laini iliyoloa maji hiyo inakuwa pumzi ya mvumo inayopanda na kushuka mchana kutwa. Weka kikomo cha juu cha geini, dB 6 hivi, na kama kuna kichujio cha kelele, kiwashe kabla yake.

*Mwangwi.* Inategemea iko wapi kwenye mnyororo. Ikikaa ndani ya njia ya mwangwi, kifaa cha kuua mwangwi kinajifunza umbo moja na kukuta jingine sekunde inayofuata, kwa sababu geini imebadilika. Ikikaa baada ya kifaa hicho, sauti ikiwa tayari imesafishwa, mambo huenda vizuri. Menyu nyingi hazikuambii iko wapi. Jaribio rahisi: piga kwa simu ya mkononi, ongea, nyamaza, ongea. Ukijisikia kwa nguvu zaidi baada ya kunyamaza kuliko mwanzo, imekaa mahali pabaya, izime.

*Vitufe na faksi.* Vitufe hupita mara nyingi. Faksi hapana. Modemu hutegemea kiwango kitulie, na mashine ya faksi inayopokea hujibu kwa mlio wa hezi 2,100 ambao pia unaweza kuviambia vifaa vya mwangwi vijizime. Kama kuna hospitali au wakala wa mizigo anayetuma faksi bado, na wapo, poti yake itoe kwenye geini hii.

*Pesa na utunzaji.* Dakika tano, na haihitaji mtu. Gharama inakuja siku kitu kinapoharibika, kwa sababu mashine inaficha dalili. Laini ikifa polepole kwa kutu, geini inaipandisha wiki baada ya wiki na hakuna anayejua mpaka inakatika kabisa.

*Inamfaa nani.* Mapokezi yenye wapiga simu wa kila namna, vyumba vya mikutano, na mahali simu zinarekodiwa. Pia mahali ambapo hakuna fundi karibu, mradi laini zenyewe ni safi.

Vipi ukihamia intaneti?

Mkongo wa fiber ukifika na laini zako zikawa za SIP, yaani simu zinazopita kwenye intaneti, shaba inaondoka kwenye mnyororo na maswali mengi ya hapo juu yanayeyuka. Geini zote ziwe sifuri, na sauti iamuliwe na simu yenyewe ya mezani. Msije mkaleta tu geini za zamani ndani ya mfumo mpya. Nimekuta poti za SIP zenye +5 iliyonakiliwa kutoka kwenye laini ya shaba iliyokwisha kukatwa. Angalia pia visanduku vya ATA vinavyounganisha simu za zamani za mezani na mfumo huo, vingine vinatoka kiwandani na -3 kila upande, na hiyo ni sawa, ziacheni. Ukiongeza kisanduku cha laini za simu za mkononi, ucheleweshaji unarudi, kwa hiyo mwangwi wowote uliobaki kwenye poti za analojia utasikika upya.

Uchague ipi

Ofisi yako iko mjini, laini mbili au tatu za shaba, malalamiko hayajaanza: weka kiwango kimoja, tafuta impidansi sahihi, acha geini sifuri. Usiguse kitu ambacho hakijalalamikiwa.

Uko juu milimani, Marangu au Machame, laini ni ndefu na masika ni ya kweli: pima. Kama huna mita inayoaminika kwa hezi 1,020, tafuta mwenye nayo, usikadirie kwa sikio. Sikio la fundi linazoea haraka kuliko la mteja.

Wapiga simu wako ni wa kila aina lakini laini ni safi: geini inayojirekebisha, ikiwa na kikomo, baada ya kifaa cha kuua mwangwi, na poti ya faksi ikiwa nje.

Laini zako zimechanganyika, shaba mbili ndefu na kisanduku cha simu za mkononi: pima zile za shaba, kiache kile cha simu za mkononi na geini inayojirekebisha upande wa kuingia tu. Usichanganye njia mbili kwenye poti moja, utakuwa unasahihisha sahihisho.

Umeajiriwa na shirika lenye matawi Arusha, Moshi na Babati na kila tawi lina fundi wake: kiwango kimoja, hata kama tawi moja litasikia kidogo. Lile tawi moja lipimwe peke yake, na tofauti yake iandikwe kwenye karatasi ya kabati, kwa wino usiofutika, na tarehe.

Mtu anakuambia "sisikiki": kabla ya yote muulize anamsikiaje mwenzake.